Maji Yaliyozoea Nyumba

Enzi zetu maji hayakutoka ukutani. Yalitoka chini ya mteremko kule kwetu Malinya, kwenye chemchemi yenye jiwe moja pana la kusimamia, na yalipanda kilima juu ya vichwa vyetu sisi watoto. Kama nawe ulilelewa hivyo, utakumbuka ngata ya maganda ya mgomba iliyokwaruza utosi, na lile tawi la majani tulilolielesha ndani ya ndoo ili maji yasirukeruke na kutulowesha mgongo. Nikiwaambia vijana wa leo kwamba tawi la majani lilizuia maji kumwagika, wananitazama kwa huruma. Wao mfereji ukikauka saa mbili tu, wanaupiga picha na kuituma kwa ulimwengu mzima, kisha wanakaa kungoja pole.

Sisi pole hatukuipata. Mtu aliyeanguka na ndoo aliulizwa kwanza kama ndoo imepona. Asubuhi kabla ya shule tulikwenda chemchemini mara mbili, jioni mara moja, na Ijumaa kila mwanafunzi alibeba maji yake kwenda shuleni, ya kunyunyizia sakafu ya udongo kabla ya kufagia. Harufu ya lile vumbi lililoloweshwa naikumbuka kuliko hesabu zozote tulizofundishwa juu yake. Nakumbuka pia tukirudi nyumbani tukitafuna miwa ambayo hatukupewa na mtu, midomo imekatwakatwa, na mama akijua shamba tulilopita kwa kutazama shati tu.

Maji yote ya kunywa yaliishia nyumbani kwa guku, yaani nyanya yetu aliyemzaa baba. Alikuwa na mtungi mmoja mkubwa kwenye kona yenye giza, kitako chake kimezikwa kidogo kwenye sakafu usije ukatikisika. Juu yake kulikuwa na kibuyu cha kuchotea, kimoja tu, na sote tulinywea hicho: wajukuu wanane, wapita njia, hata mtu aliyekuja kudai jembe lake. Maji yale yalikuwa baridi na yalinukia moshi na udongo kwa mbali. Tangu wakati ule nimekunywa maji ya chupa, ya jokofu na ya hotelini yenye kipande cha limau. Sijayapata yale tena.

Siku moja mimi na dada yangu Imali tulicheza mpira wa matambara ndani ya nyumba ya guku huku nje mvua ikinyesha. Sitasema nani alipiga mkwaju ule, kwa kuwa Imali bado yuko hai na ana maoni yake. Mtungi ulipasuka, na maji yakafika mpaka mlangoni. Guku hakutuchapa. Siku ya soko alikwenda Khayega kwa miguu akarudi na mtungi mpya kichwani, mwekundu, mzuri, nasi tukaukimbilia tukidhani tutakunywa siku ile ile.

Hatukunywa. Kwanza aliufukiza kwa moshi wa nyasi na makaa. Kisha akaujaza maji, akayaacha siku tatu, akayamwaga kwenye mboga. Akaujaza tena. Baada ya hapo alimtuma Imali kwa mke wa baba mdogo, ng'ambo ya ua, akaombe kibuyu kimoja cha maji kutoka mtungi wa zamani, na akasisitiza yawe ya chini kabisa, kule kwenye utelezi. Imali aliyaleta akiwa amekunja uso. Guku aliyamimina taratibu ndani ya mtungi mpya, akaufunika, akatukataza kuugusa kwa wiki mbili nzima. Wakati wote huo tulikunywa kwa mke wa baba mdogo, tukipiga hodi mara kumi kwa siku mpaka akachoka kutukaribisha. Tulipomlalamikia guku kwamba maji ya chemchemi ni yale yale, alitujibu kwa maneno ambayo niliyacheka kwa miaka mingi. "Maji mapya ni mageni," alisema. "Yaacheni yazoee nyumba."

Mimi nilikuwa mtoto msafi, na nilisifiwa kwa hilo. Tulipokuwa tukivua visamaki vya kijitoni kwa kikapu kikuukuu cha mama, mimi na Imali kila mmoja alikuwa na mkebe wake wa mafuta ya kupikia wa kuvifugia. Wangu niliusugua kila asubuhi kwa majivu na mchanga mpaka ukang'aa, nikautia maji mapya. Imali alikuwa mvivu wa kutajika. Mkebe wake uliota ukijani, ukateleza, na yeye aliongeza maji pale tu alipokumbuka. Visamaki vyangu vilikufa siku ya tatu, kila mara. Vyake viliishi mpaka mvua za masika zilipokuja kuubeba mkebe wenyewe. Mama alisema Imali ana bahati, mimi nina bidii, na kwamba bidii ndiyo inayolipa.

Bidii ilinilipa kweli. Nilipomaliza shule nilipata kazi kwenye mitambo ya maji, na huko nilikaa miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu ilikuwa kupima maji na kuyatia klorini. Kwa maneno mepesi, niliua kila kitu kilicho hai ndani ya maji kabla hakijafika kwenye glasi yako, na niliiona kazi hiyo kuwa ya heshima, kwa kuwa nilikuwa nimeshawaona watoto wa bondeni kwetu wakizikwa kwa ugonjwa wa kuhara.

Mwezi wangu wa kwanza kazini nilirudi Malinya na chupa ya dawa. Guku alikuwa shambani. Niliumwaga mtungi wake, nikausugua ndani kwa mchanga, nikautia klorini, nikausuuza, nikaujaza upya. Nyumba nzima ilinukia hospitali. Aliporudi alichota kibuyu, akakifikisha mdomoni, akakishusha. Aliutazama mtungi. "Sasa maji yangu yako peke yake," alisema. Tangu siku ile mpaka alipofariki, mwaka uliofuata, guku alikunywa maji kwa mke wa baba mdogo. Kila nilipokuja nyumbani nilimkuta akirudi kutoka huko na fimbo yake, polepole, na nilijiambia kwamba wazee ni wakaidi. Imali hakunilaumu kwa mdomo. Alinilaumu kwa kunikaribisha chai badala ya maji kila nilipomtembelea, miaka yote hiyo.

Sasa nije kwenye nyumba ninayoandikia maneno haya, hapa Kakamega mjini. Niliijenga na mke wangu, Rael, na mwaka juzi Rael aliniacha ndani yake. Tulimzika Malinya. Watu walijaa wiki moja, wakala, wakaimba, wakaosha sufuria, wakaondoka, na tangu hapo sauti ninayoisikia zaidi ni ya jokofu. Nawasha redio nisikie watu wakibishana. Nasonga obusuma, ugali wetu, wa mtu mmoja, na mpaka leo mkono wangu haujajifunza kipimo. Asubuhi nagawia kuku wa jirani. Mama anayeniuzia mboga aliacha kuniuliza kama nataka fungu moja au mawili. Nina upweke, na sioni haya kuuandika, maana wengi wa rika langu wanao na wanauita presha.

Binti yetu wa pekee, Phanice, anaishi Nairobi na mumewe na watoto wao wawili, orofa ya tano. Tangu mazishi alikuwa akinisihi nikakae nao. Mimi nilikuwa nikikataa. Nilimwambia orofa ya tano ni ya ndege. Ukweli ni kwamba humu ndani ndimo mnamobaki kikombe cha Rael, na kandambili zake chini ya kitanda, na sikutaka kuwa mzee anayekaa kwenye kochi la watu akiulizwa kama ameshakula.

Pasaka iliyopita Phanice alikuja na tangi la samaki. Sanduku la kioo la urefu wa mkono wangu, pampu, chujio lenye sponji nyeusi, changarawe, na visamaki sita kwenye mfuko wa plastiki, vyekundu na vya samawati, vyenye mikia mipana. Alipanga yote sebuleni, kwenye meza ya Rael ya kushonea. Kisha akakaa, akanitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama siku ya kupiga hesabu za nyumba.

"Baba, humu ndani hakuna kitu kingine kinachopumua," alisema. "Wakiwa hai mpaka Desemba, sitataja Nairobi tena. Wakifa, unafunga nyumba unakuja."

Alicheka baada ya kusema, lakini macho hayakucheka. Nilimpa mkono tukakubaliana. Nilifurahi moyoni kwamba mtoto amechagua mtihani wa maji kwa mtu aliyepima maji maisha yake yote.

Nilianza kwa kiburi cha fundi. Nilijua klorini ya mferejini ingewaua, kwa hivyo niliyaacha maji kwenye ndoo wazi siku mbili, pampu ikiyapulizia hewa, mpaka klorini ikaisha. Nikawatia samaki, ambao muda wote huo walingoja kwenye beseni na maji ya mfuko wao. Nilivuta kiti, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikajikuta naongea kwa sauti sebuleni. Niliwapa hata majina, ambayo sitayataja kwa kuwa mengine ni ya wazee wa kanisa.

Siku ya tano maji yalianza kuwa meupe kama yaliyooshea mchele. Nikaona aibu. Na Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya nyumba yangu kupokea kikundi cha maombi, akina mama kumi na wawili wa kanisa letu, ambao wote wanajua nilikuwa mtu wa mitambo ya maji. Wewe uliyelelewa kwetu unajua mgeni akikaribia kinachofuata ni nini. Tulifundishwa kusugua. Sufuria isugue mpaka kitako, ua ufagie mpaka njiani, hata ng'ombe kama angekubali. Basi niliwahamisha samaki kwenye beseni, nikamwaga maji yote, nikasugua kioo, nikachukua changarawe na sponji nikaviloweka kwenye klorini, nikavisuuza mara nne, nikajaza maji yaliyotulia siku mbili. Tangi liling'aa hata ungesoma gazeti kupitia ndani yake. Akina mama walilisifu kuliko walivyosifu chai.

Jumapili samaki walikuwa wakihema juu ya maji, midomo wazi. Jumatatu walikuwa wanne. Jumanne jioni hakukuwa na aliyebaki, na maji yalikuwa bado safi kabisa. Niliwazika chini ya waridi la Rael, nikafuta udongo mikononi, nikaingia ndani, na nikalia jinsi ambavyo sikulia siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi watu walikuwepo.

Nilimdanganya Phanice kwa wiki tatu. Akipiga simu namwambia wanaendelea vizuri, wanasalimia. Akitaka kuwaona nasema simu yangu ina ukungu kwenye kamera. Mzee wa kanisa, nimestaafu kwa heshima, na ninatunga uongo juu ya visamaki vya urefu wa kidole. Mwishowe nilimwambia. Nilidhani ataniambia nifunge mizigo. Badala yake alisema Desemba bado iko mbele, na wiki iliyofuata basi likaniletea kifurushi chake: vichupa vya kupimia maji, na karatasi ya maelezo.

Karatasi ile niliisoma kama barua ya kuachishwa kazi. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, nayo ni sumu ambayo kwa kiasi hicho kidogo haionekani wala hainusiki. Kuna bakteria wanaoila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kuna wengine wanaoila nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki huvumilia ikiwa utabadilisha robo ya maji kila wiki. Bakteria hao hukaa kwenye sponji na changarawe. Tangi jipya halina hata mmoja. Huchukua wiki nyingi kuwapata. Ule weupe ulioniaibisha ulikuwa dalili kwamba uhai unaanza, nami nikauua mwenyewe kwa mikono yangu, nikausuuza mara nne. Miaka thelathini na mmoja ya kuua, na sasa naambiwa nifuge.

Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja uliosema tangi jipya litakomaa haraka likipewa changarawe au tope kidogo kutoka mahali pa zamani panapoishi samaki. Niliiweka karatasi mezani. Nilimwona Imali akivuka ua na kibuyu, amekunja uso, na guku amesimama mlangoni akimngoja.

Mjini hapa sikumjua mtu mwenye tangi la zamani. Nilimjua mtu mwenye bwawa. Imali aliolewa ng'ambo ya kijito, pale pale Malinya, na amefuga samaki kwenye bwawa lake kwa miaka mingi, kwa uvivu ule ule na bahati ile ile. Lakini sikuwa nimemtembelea tangu tumzike Rael. Njia ya kwenda kwake inapita kwenye boma letu, na kaburi liko kando ya njia. Kila mwezi nilipanga kwenda, na kila mwezi goti liliniuma.

Nilikwenda Agosti, asubuhi. Bodaboda aliniacha barabarani, nikateremka kwa miguu. Kwenye kaburi nilipita nikitazama mbele.

Imali alikuwa akianika mahindi. Amezeeka dada yangu, ila kicheko ni kile kile. Hakuniuliza kwa nini sikuja. Alinipa kigoda, akaniita Baba Phanice kama anavyoniita daima, akaagiza chai. Nilimweleza habari yote: samaki, Desemba, orofa ya tano, sponji, amonia. Kisha nikamwomba mawe machache yenye utelezi kutoka bwawani kwake. Imali aliacha mahindi.

"Wewe?" alisema. "Wewe unakuja kuniomba uchafu?"

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, nami nikacheka kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Kisha akavua viatu, akashuka mwenyewe bwawani, mwanamke wa miaka sitini na tisa, akakataa nimsaidie. Alichagua mawe madogo pale maji yanapoingilia, yaliyovaa utelezi wa kahawia, akayatia kwenye mkebe na maji ya pale pale, akafunika kwa jani la mgomba. Alipouweka mkononi mwangu hakuuachia mara moja.

"Guku hakukasirikia dawa yako," alisema. "Alikuwa anajuanga watu wanakufa na maji mbaya. Alikasirika hukumngojea atoke shamba. Angekusaidia kuosha, halafu mngeanza pamoja."

Nilikuwa nimebeba jambo lile zaidi ya miaka arobaini nikidhani ni ugomvi wa dawa na ushamba. Aliniuliza kama nimepita kaburini. Nikasema nimepita, lakini haraka.

"Basi sasa urudi polepole," alisema. "Hiyo mawe haiendi mahali."

Kabla sijaondoka aliniletea maji ya kunywa. Kikombe cha bati, maji ya mtungi wake. Niliyanywa yote. Halafu nilirudi polepole, nikakaa kando ya Rael na mkebe wangu wa mawe magotini, nikamweleza samaki walikufaje.

Mawe niliyafunga kwenye kipande cha neti nikayaweka karibu na pampu. Siku ya pili nikagundua nimekuja na konokono watatu ambao hakuna aliyewaalika. Niliwaacha, wageni ni baraka. Hapo ndipo kazi ilipoanza, na kazi yenyewe ilikuwa kutofanya kitu. Kila asubuhi nilitia chembe za chakula kwenye tangi lisilo na samaki, ili amonia itoke, ili wale wasioonekana wapate kula. Kisha nachota maji kidogo, natia matone, nangoja rangi, naandika kwenye daftari kama nilivyokuwa nikiandika kazini. Amonia ilipanda, kipimo kikawa kijani. Baadaye kijani kikafifia kuelekea manjano, nitriti ikapanda, kipimo chake kikawa zambarau kali na kukaa hivyo siku kumi na mbili. Mikono iliniwasha kubadilisha kila kitu. Niliikalia, karibu kwa maana halisi ya neno.

Mama mmoja wa kikundi cha maombi alinikuta nikilisha maji matupu huku nikiyaambia habari za asubuhi. Alisalimia kwa upole mwingi. Jumapili hiyo nilisikia niko kwenye orodha ya wanaoombewa, na sikujitetea, kwa kuwa maombi hayajawahi kumwozea mtu.

Katikati ya Septemba zambarau ikawa samawati nyepesi. Amonia hakuna, nitriti hakuna, nitrati kidogo. Nilipima mara tatu. Nilitaka kumwambia mtu, nikageuka kuelekea jikoni na jina la Rael lilikuwa limeshanifika mdomoni. Nilimpigia Imali badala yake. Aliniuliza kama maji yananuka. Nikamwambia yananukia kama bwawa lake baada ya mvua. Akasema basi yamekubali.

Niliwaleta samaki wawili kwanza, kutoka kwa kijana mmoja anayewauza hapa mjini, kisha wawili, kisha wawili. Sponji niliikamua ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, bila kuingojea ing'ae. Kioo kilibaki na ukijani upande wa nyuma. Tulikaa hivyo, wao na konokono na mimi, mpaka Phanice na familia yake wakafika kwa Krismasi.

Hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja mezani, akainama, akawahesabu kwa kidole, akawahesabu tena. Nilisimama nyuma yake nikiwa na woga wa mtoto anayengoja matokeo. Aliponigeukia macho yalikuwa na machozi. Alisema nimeshinda. Siku zote nne alizokaa hakutaja Nairobi, kama alivyoahidi. Yeye ni mtu wa neno lake, kama mama yake. Nyumba ilijaa kelele, kuku alichinjwa, wajukuu walimwaga soda kwenye kochi, nikasonga obusuma mwingi na kwa mara ya kwanza kipimo kikatosha.

Asubuhi ya kuondoka wajukuu walidai nao wanataka samaki. Nilimwambia Phanice anunue tangi kwanza, ila asilitie samaki. Kisha nikachukua wembe, nikaikata sponji yangu nusu, ikiwa na uchafu wake wote, nikaitia kwenye mtungi wa kioo na maji yake, nikampa ashike magotini mpaka Nairobi. Aliukunjia uso. Nilimwambia asiisuuze, hata wageni wakija. Aliniambia wananipenda, gari likarudi nyuma langoni, mkono wa mjukuu ukapunga mpaka kona.

Niliingia ndani. Vikombe vilikuwa vingi kwenye meza na jokofu lilikuwa likinguruma. Nilikuwa nimepigania haki ya kukaa humu tangu Pasaka, na nilikuwa nimeipata, na sikuwa nimefikiria hata siku moja kwamba baada ya kushinda kungekuwa na mchana mzima wa kukaa. Nilikaa.

Enzi zetu mtungi wako ukipasuka ulilazimika kupiga hodi kwa mtu. Ulikunywa kwake wiki mbili, ukasikia habari zake, ukala viazi vyake, na hukurudi kwako mpaka uwe na maji yake ndani ya yako. Leo kila nyumba ina mfereji wake, maji safi, niliyatengeneza mwenyewe miaka thelathini na mmoja, na hakuna anayehitaji kuvuka ua. Vijana wanasema huo ndio uhuru. Pengine. Mimi nina safari ya Malinya Jumamosi hii, kumrudishia Imali mkebe wake.

Leo asubuhi nimepima tena. Amonia hakuna, nitriti hakuna, samaki sita, konokono nimeacha kuhesabu. Nimeandika kwenye daftari, nikafunga. Guku alisema kweli. Maji yameizoea nyumba hii. Mimi bado.